Diski Zing'ae Kuliko za Pankras

Jumatatu, 9 Agosti 2004

Pankras amenunua baiskeli. Si baiskeli hivi hivi. Baiskeli! Gia ishirini na moja. Na breki zake hazibani rimu kama za watu wote, zinabana kisahani cha chuma katikati ya gurudumu. Kinaitwa diski. Mbele diski, nyuma diski. Ameitoa Songea. Ofisi nzima ya kampuni ya kahawa ilitoka nje kuitazama, magunia yakabaki kwenye mzani peke yake. Mimi sikutoka. Nilitazama dirishani.

Pankras ni karani kama mimi. Meza zetu zinagusana. Tulisoma darasa moja, na kila mtihani yeye ndiye aliyeniazimisha penseli. Sijamsamehe mpaka leo kwa zile penseli.

Saa nne Meneja akatuita. Meneja wetu ni Mama Sekela, mtu wa Mbeya, hacheki ovyo. Akasema zamani ushirika ulikuwa peke yake, unakwenda kununua kahawa siku unayopenda. Sasa soko huria, kampuni zimejaa, na anayechelewa kufika kijijini anakuta maganda. Anataka msimamizi wa vituo vya Tingi na Kingerikiti. Mshahara karibu mara mbili! Ila usafiri wa kumpa hana. Msimamizi awe na baiskeli yake inayoiweza ile milima, kupanda na kushuka. Jumamosi ya tarehe 21 atatupima mwenyewe kwenye mteremko wa Tingi. Akauliza nani anataka. Pankras akanyoosha mkono. Na mimi nikanyoosha, wangu juu zaidi.

Baiskeli yangu ni ya Kichina. Breki yake ni kiatu changu cha kulia.

Nyumbani nikamweleza mke wangu Ottilia. Nilimwahidi mabati ya jiko mwaka juzi, na kila mvua zikianza anapikia chini ya mwavuli. Nikamwambia nikipata kazi hii, mabati kabla ya Novemba. Akafurahi sana. Halafu akasema, lakini si ataipata Pankras, maana ana baiskeli nzuri. Mke wangu mwenyewe! Nikala ugali, mboga yake nikaiacha.

Jumanne, 10 Agosti

Nimepata dawa ya Pankras. Asubuhi nilipita bombani nikawanong'oneza kina mama kwamba zile diski zinavuta radi. Nikamnong'oneza na fundi cherehani, ambaye hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Nikakaa kungoja watu waanze kumkimbia.

Saa kumi uwanja wa Pankras umejaa. Wametoka mpaka Kitai, wameshuka kwenye basi na mizigo yao, kuja kuona baiskeli ya radi! Mpiga picha yupo, anawapiga watu wakiwa wamekaa juu yake. Ottilia naye amepigwa. Alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. Siku ya ndoa yetu hakucheka hivyo.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Bwana Omary. Baba yake alitoka Kilwa, yeye amezaliwa hapa hapa Mbinga, lakini anauza kwa upole ule ule wa pwani, unajikuta umenunua. Amepokea kontena la baiskeli za mitumba kutoka Ulaya. Zenye diski zimebaki tatu.

Ya kwanza ina matairi manene na shokapu mbele. Nikapenda. Omary akasema ile ni ya kurukia magogo, njia ndefu itanichosha kama nasukuma mkokoteni. Ya pili nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Nikapenda zaidi. Akasema hiyo inataka lami, na lami sisi tunaisikia Songea. Ya tatu haina mbwembwe. Fremu ya chuma, rangi ya kijani, matairi ya wastani yenye meno madogo, inakwenda kwenye lami na kwenye vumbi pia. Akasema kama ni yeye, angechukua hiyo. Nikauliza kwa nini chuma, wakati ya Pankras ni alumini, nyepesi unaiinua kwa kidole. Akasema alumini ikipasuka ni mpaka Dar es Salaam, lakini chuma kikipasuka hata fundi wa kuchomelea pale Kitai anakiunga na unaondoka siku hiyo hiyo. Tena chuma hakirukirushi mifupa. Ila kinaota kutu, nisisahau kukipaka mafuta.

Mpaka Dar es Salaam! Nilifurahi kupita kiasi. Nikaiona alumini ya Pankras imepasuka vipande viwili, na mimi napita kwa kengele. Nikasema naichukua ya chuma.

Omary akataka kunieleza habari za breki, namna ya kuzitunza. Nikamkatisha. Nikamwambia nimeanza kuendesha baiskeli yeye hajaota ndevu. Akasema haya, Bwana Xaveri.

Ijumaa, 13 Agosti

Kitu cha kuuza hapa nyumbani ni kimoja tu. Nguruwe wa Ottilia. Amemlea toka hajaota meno, na alikuwa akiba ya yale mabati kama mimi nikishindwa. Nimemweleza hesabu ni nyepesi: nguruwe anakuwa baiskeli, baiskeli inakuwa kazi, kazi inakuwa mabati. Akasema nikishindwa, jikoni nitapika mimi. Nikakubali haraka, maana sitashindwa.

Nikazunguka soko zima. Aliyekuwa na hela ya nguruwe mzima wiki hii ni mmoja, anataka kuchinja kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Pankras. Akanipa bei niliyotaja, hakupunguza hata senti. Nilichukia. Mtu mzima unapunguza!

Jioni nikaichukua baiskeli. Ni yangu!

Jumapili, 15 Agosti

Nilichelewa misa kwa makusudi ili nifike watu wakiwa wamekaa, nipige kengele tatu. Padri akatupia jicho mlangoni, akaendelea. Hakuna aliyegeuka, wote walikuwa wananusa. Kwa Pankras, ng'ambo ya barabara, nguruwe wetu alikuwa tayari kwenye moto.

Baada ya misa parokia nzima ikahamia kwake. Nikasimamisha baiskeli yangu karibu na ya kwake. Watu wakatundika makoti juu ya yangu.

Pankras amemletea Ottilia kopo kubwa la mafuta ya yule nguruwe. Amesema ni haki yake aliyemlea. Ottilia akalia, akamwita shemeji yangu wa kweli. Kopo limewekwa kwenye rafu, nalitazama kila ninapoingia. Hata wema ananizidi!

Jumanne, 17 Agosti

Nimegundua siri. Diski za Pankras zinang'aa. Zangu nazo zinang'aa, lakini za kwake unaweza kujinyolea ndevu. Meneja amepita asubuhi akaziangalia, akasema karani anayetunza chombo chake hivi atatunza na mizani ya kampuni. Zangu akazipita.

Nikamwendea Pankras kwa ujanja. Nikaanza na habari za watoto, nikaja kwenye hali ya hewa, mwishoni nikauliza kama mtu asiyejali, diski zile anapaka nini. Akasema hapaki kitu. Kitambaa kikavu na maji safi, basi, na akanionya nisizipake chochote.

Maji! Ananiona mtoto. Mtu akikwambia usipake, ujue yeye anapaka. Toka tumezaliwa hapa milimani kila chuma kinapakwa mafuta, jembe, panga, bawaba ya mlango, mpaka watoto wenyewe. Na Omary si alisema chuma kinataka mafuta?

Nikafikiri na kufikiri. Halafu macho yakaenda kwenye rafu.

Ijumaa, 20 Agosti

Kazi imekwisha. Asubuhi ya baridi mafuta yalikuwa yameganda, meupe, nikayayeyusha kidogo juani. Nimepaka fremu, nimepaka mnyororo, nimepaka usukani. Diski nimezipaka mara tatu, mbele na nyuma, mpaka mafuta yakaingia kule ndani zinapobanwa. Zinang'aa jamani! Ukisogea karibu unasikia na njaa kidogo.

Ottilia akauliza kama nimeijaribu breki. Nikamwambia baiskeli ya mtihani haijaribiwi, itachafuka. Kesho nitaibeba begani mpaka ofisini.

Pankras atajua hajui.

Jumamosi, 21 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilifika nimeibeba begani. Makarani wakacheka. Meneja akauliza kama imeharibika, nikamwambia Mama, ni usafi. Tukapakia zote mbili kwenye pikapu ya kampuni mpaka juu ya mteremko. Sharti la Meneja lilikuwa hili: kila mmoja kilo kumi za kahawa kwenye keria, tushuke mpaka darajani, tusimame kwenye mstari aliouchora dereva kwa chokaa. Hakusema mbio. Alisema kusimama.

Pankras akatangulia. Polepole, anabana, anaachia, anabana, kama bibi harusi. Nikamwonea huruma. Nikajiachia.

Mungu wangu, baiskeli ile! Upepo masikioni, kahawa inacheza nyuma yangu, na nikampita Pankras kama mti wa kando ya barabara. Nilimwona uso. Sitausahau. Alikuwa amepanua mdomo. Akanipigia kelele nibane breki. Nikasema moyoni, wivu huo. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote tangu shule ya msingi.

Halafu ikaja kona. Nikabana ya mbele. Hakuna. Nikabana ya nyuma. Hakuna! Nikabana zote mbili kwa vidole vyote, zikateleza kimya kabisa. Nikateremsha kiatu cha kulia kwa mazoea. Kisigino kikabaki barabarani.

Mimi na baiskeli tukaendelea kwenda moja kwa moja, barabara ikakata kushoto. Tukaingia shamba la ngolo. Babu zetu walichimba yale mashimo kwenye milima ili maji ya mvua yasimame, yasikimbie na udongo. Mimi nikaingia shimo la kwanza, nikatoka. Nikaingia la pili, nikatoka bila baiskeli. La tatu ndilo lililonisimamisha.

Nilipofungua macho, juu ya shimo alikuwepo Bibi Walburga mwenye shamba, kashika jembe. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba mwanangu, akatazama kahawa iliyomwagika shambani kote, akasema huku maharage yamekwisha vunwa, kahawa hatupandi kwa staili hii.

Pankras alisimama juu kwenye kona. Alisimama, ndiyo, baiskeli yake inasimama! Akashuka mbio, akanitoa, akanifunga mkono kwa shati lake, akanikalisha kwenye keria na kunikokota mpaka zahanati. Njia nzima alikuwa ananipa pole. Kila pole iliniuma kuliko mkono.

Jumapili, 22 Agosti

Mkono umeteguka, haukuvunjika. Ottilia ameniwekea mwavuli kando ya jiko, basi.

Omary amekuja kunijulia hali, akaitazama baiskeli. Fremu haina hata ufa! Chuma ni chuma. Halafu akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa, akauliza ni mafuta gani haya. Nikamwambia.

Masikini Bwana Omary. Alitoka mbio mpaka bombani. Aliosha mkono mara saba, moja kwa udongo, huku kina mama wote wamesimama na ndoo wanamsubiri. Akarudi mpaka mlangoni tu, akasema kwa mbali na kwa heshima kwamba diski haipakwi mafuta. Kabisa. Ya aina yoyote. Hata tone. Na vile vipande vinavyoibana vimekwisha kulowa, vinataka vipya, na vipya labda mwakani kontena likija.

Nilimsikiliza vizuri. Nimeona hasa kilichomkasirisha.

Alhamisi, 26 Agosti

Pankras ndiye msimamizi. Nilijua. Lakini sikiliza hili: makao makuu wamesikia habari ya ngolo, wakasema msimamizi asitumie baiskeli, ni hatari. Wamempa pikipiki! Mpya! Yaani mimi nimeanguka, na yeye amepata pikipiki. Ina diski mbele, inang'aa, sitaki hata kuizungumzia.

Saa tisa akaja nayo mpaka kwetu. Nikajifanya nimelala. Nikamsikia akimwambia Ottilia kwamba amemwomba Meneja nipewe ukarani wa mizani wa kituo cha Tingi, Meneja amekataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Nyongeza ya mshahara ipo. Mabati yatapatikana kabla ya mvua, nikifika kazini kila siku bila kukosa. Na kwa kuwa yangu haina breki, ameniachia baiskeli yake. Bure. Ottilia akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikageukia ukutani. Penseli tena!

Alipoondoka nikatoka kuikagua. Nyepesi, kweli. Gia zote zipo. Breki zinashika mpaka unaruka kwenye kiti. Lakini diski, masikini, zina vumbi la wiki nzima. Mtu akipata pikipiki anasahau alikotoka.

Nimekaa nimefikiri kwa utulivu, bila hasira. Omary anasema kosa ni mafuta. Hapana. Mbona alikimbilia bombani aliposikia ni ya nguruwe? Kosa lilikuwa nguruwe. Tena nguruwe aliyechinjwa na Pankras. Kingekuwa kitu safi, leo nina pikipiki mimi.

Ottilia anakwenda sokoni kesho. Nimemwagiza mawese ya Kyela, kopo zima. Ameuliza ya nini, nimemwambia ya mboga.

Jumatatu saa moja asubuhi naanza kazi. Pankras amesema tushuke wote mteremko wa Tingi, yeye na pikipiki yake, mimi nyuma. Nyuma! Natangulia mimi.