Mashine ya Kupiga Picha Mioyo ya Watoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu, wauguzi wengine wote, wazazi mliobeba watoto wenu na mliobebeshwa wa wenzenu, pamoja na mimi mwenyewe, Mgeni Rasmi: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, MRI tunayoizindua leo hapa hospitalini, kwa faida ya wasiobahatika kuhudhuria semina kama mimi, ni mashine ya sumaku kubwa isiyotumia mionzi, ambayo mtoto akilazwa ndani yake na kutulia, inagonga ngo-ngo-ngo, na daktari anaona vyumba vya moyo, vali zake na damu inavyopita, bila kumgusa mtu kwa kisu. (Vigelegele.) Maelezo hayo nimeyaandika mwenyewe. (Daktari wa watoto anakohoa.) Kwa ushirikiano na wadau.

Fikra hii ilinijia mwaka juzi, nilipofanya hapa ziara ya kushtukiza, ambayo taarifa yake niliituma wiki mbili kabla. Nilipanda ngazi hadi wodi ya watoto, nikamkuta mama mmoja, mshonaji, amekaa kwenye benchi na bintiye wa miaka saba, midomo ya mtoto imekuwa ya bluu. Nikauliza, “Mama, mtoto ana nini?” Akasema, “Moyo, mheshimiwa. Una tundu. Daktari anataka picha nzuri zaidi ndipo ajue pa kuanzia.” Yule mtoto akanitazama, akasema, “Pole, babu. Na wewe unaumwa moyo? Mbona unahema hivyo?” (Kicheko kirefu.) Nilitokwa na chozi, moja, la jicho la kulia, na limo kwenye kumbukumbu za kikao.

Tangu siku hiyo hatujalala! Tumefanya vikao arobaini na kimoja, warsha tisa, upembuzi yakinifu na upembuzi wa upembuzi huo, na utekelezaji wa mpango mkakati jumuishi umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi.) Naam, mama uliyenyoosha mkono, sema.

(Mshonaji anasimama.) “Mheshimiwa, ni mimi yule wa kwenye benchi. Mwanangu huyu hapa, hajala tangu jana kama tulivyoagizwa. Aingie sasa?”

Aingie? Mama, kimsingi ameshaingia. Katika mpango. (Minong'ono.)

(Daktari wa watoto anasimama.) “Mheshimiwa, hospitali ya rufaa wanayo mashine, na nimemwombea nafasi leo leo. Gari letu la wagonjwa ni bovu. Lako liko mlangoni.” (Vigelegele, makofi, watu wanasimama juu ya viti.)

Tulieni! Kaeni! Hilo nilikuwa nalifikia, liko ukurasa wa tisa. Dereva, washa gari. Mama, kaa nyuma, kile kiti changu chenye kitambaa cheupe. Binti, njoo nikushike mkono. Mbona umepoa hivi? Unaogopa?

“Siogopi, babu. Daktari ameniambia ikianza kugonga nihesabu. Mama ndiye anaogopa.”

(Mgeni Rasmi anatoa leso. Gari linaondoka.)

Nimepaliwa tu, ndugu wananchi. Niendelee na ukurasa wa pili.

(Anaendelea kwa saa tatu na nusu. Ukurasa wa thelathini na sita, simu ya daktari inalia.)

Daktari, simu wakati wa hotuba? Unasemaje? Semea kwenye kipaza sauti, wote wasikie.

“Picha imetoka safi! Tundu litazibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa mguu. Hapasuliwi kifua. Na ameshaomba wali!” (Vifijo. Muuguzi Mkuu anacheza. Mgeni Rasmi anacheza.)

Mnaona matokeo ya mradi? Moyo wa mtoto! (Upigwe picha!) Sumaku! (Ivute maendeleo!) Uongozi! (Uhemeee!) Nani huyo?

Basi nakata utepe, navuta pazia, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, aliyeichonga mashine hii kwa siku mbili kwa mbao safi kabisa, na fundi rangi aliyeimalizia asubuhi. Ya sumaku hatujaiagiza. Asanteni sana, na tafadhali msiiegemee, rangi bado mbichi.