Kanda ya Tatu ya Mzee Manyanda

Jumatatu, 10 Juni

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya ukoo, majirani na wateja wote wa duka langu la vipuri vya baiskeli, natangaza kwamba leo asubuhi nimepigiwa simu na redio. Mimi, Sylvanus. Si kwa makosa. Alitaja jina langu mwenyewe.

Aliyepiga ni binti anaitwa Happiness, mtangazaji wa redio ya hapa Mpanda. Jumamosi wana mjadala kuhusu kanda za mwisho za Manyanda, mwimbaji wetu wa gitaa. Amesikia kwamba mimi ndiye mtu pekee mjini mwenye kanda zote sita. Nikamsahihisha kwa unyenyekevu kwamba labda Katavi nzima. Akasema sawa mzee wangu. Nina miaka hamsini na mbili. Nimemsamehe kwa kuwa ana kipindi.

Jambo lenyewe ni zito. Kuna fundi wa kuhamishia kanda kwenye kompyuta, anakuja kutoka Tabora na kurudi siku hiyohiyo. Kanda ya kwanza na ya pili zilishahamishwa zamani, hizo hata wasiopenda muziki wanazipenda. Kati ya nne zilizobaki ana muda wa kuhamisha moja tu. Itakayotetewa vizuri hewani na kupata kura nyingi ndiyo itakayookolewa. Nyingine zitarudi kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, zikaendelee kuota ukungu.

Mimi nimeshachagua. Kanda ya tatu, Nisubiri Sitalike. Ndiyo niliyocheza na Fausta kabla hajawa mke wangu. Ikifa hiyo, sijui nitabaki na ushahidi gani kwamba niliwahi kuwa kijana.

Nikauliza nitajadiliana na nani. Gelasius. Fundi cherehani wa sokoni, kaka yake Fausta, yaani shemeji yangu kabisa. Tangu harusi yetu mtu huyu anasema mbele za watu kwamba baada ya kanda ya pili Manyanda aliimba kama anavuta ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Ni mtu mwema. Lazima azuiwe.

Jumanne, 11 Juni

Nimefunga duka mapema kwa ajili ya utafiti. Fausta ana neno lingine kwa utafiti huu.

Redio kaseti yetu ilikufa siku nyingi, panya waliila ndani. Haina shida. Kazi zote za Manyanda nimezihifadhi kichwani. Nimekaa uani na kuandika tathmini.

Tuseme kweli, kanda za mwisho hazilingani. Ya nne ina wimbo kuhusu josho la ng'ombe, umechukua upande mzima, na dawa zote zimetajwa kwa majina. Ng'ombe wanaweza kuwa walifaidika. Ya tano alinunua kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, na hakupatikana rafiki wa kumnyang'anya. Ya sita aliimba na kwaya, na katikati mtu anatangaza kikao cha wazazi. Lakini mwisho kabisa wa hiyo ya sita, kwaya imeshaenda nyumbani, amebaki yeye na gitaa na jogoo wa jirani, anaimba kuhusu mama yake akipepeta mchele. Nikiukumbuka huo, kinanda nakisamehe. Josho bado.

Sasa ya tatu. Hapo ndipo alipokomaa. Sauti imeshuka mpaka chini ya mbavu. Gitaa linatembea kama mzee anayekwenda msibani na hataki kufika. Kati ya neno na neno unaweza kunywa maji. Anasema nisubiri Sitalike, naja na baiskeli. Watu wa juujuu watasema ni baiskeli. Mimi nauza vipuri, najua. Baiskeli ni maisha. Nadharia yangu: mwaka ule alipata msiba mkubwa ambao hajawahi kuusema.

Ah, Sitalike ile, kijijini kwao Fausta. Kanda yangu, redio ya Gelasius. Betri zimeanikwa juu ya bati pamoja na dagaa, zipate nguvu ya jua. Viboko wanakoroma mtoni. Nafika na baiskeli, napiga kengele, Fausta anakimbilia ndani kwanza, kisha anatoka anacheka. Nilidhani anakwenda kujipaka mafuta. Halafu wimbo. Hukuhitaji kujua kucheza. Wimbo wenyewe ulikuwa unakusubiri unyanyue mguu.

Jumatano, 12 Juni

Mkakati wa kwanza: shahidi. Nimekwenda Sibwesa kwa mwimbaji mwenyewe, ili Jumamosi apige simu redioni na kuniunga mkono.

Nimemkuta Mzee Manyanda anapukuchua mahindi na mkewe, Mama Nyanzala. Nikatoa salamu yangu ya mwangaluka, Kisukuma changu chote kikaishia hapo. Wakanipa michembe ya viazi na maziwa ya mgando. Mzee ana miaka zaidi ya sabini na mikono bado ni ya gitaa.

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kanda ya tatu. Akakuna kichwa. Akauliza, ile ya kurukaruka?

Nikamsahihisha kwa heshima. Nikamweleza kuhusu msiba. Akauliza msiba wa nani. Nikasema wake. Akamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi, kisha akaniongezea maziwa. Mzee akasema anavyokumbuka, mwaka ule alinunua baiskeli mpya na alikuwa na furaha mpaka watu wakamchoka. Inasikitisha jinsi umri unavyofuta mambo.

Nikamuuliza yeye angeokoa ipi. Ya tano. Kwa sababu ya kinanda. Bado anacho, alikifunika na kitenge. Akakifunua. Akanipigia. Nimekosa gari la kwanza, na la pili nusura.

Ameahidi kusikiliza Jumamosi. Hakusema ataniunga mkono, lakini alinishika mkono muda mrefu, na Mama Nyanzala aliniombea safari njema kama mtu anayeombea mgonjwa.

Alhamisi, 13 Juni

Mkakati wa pili: Gelasius asiwepo.

Nimepita kwake kama napita tu. Nikamwambia nimesikia kwaya moja kule Mwamkulu inatafuta fundi wa kushona majoho, kwaya nzima, na wanataka aende Jumamosi asubuhi, si siku nyingine. Sijasikia chochote. Nimeitunga kwaya hiyo njiani, baina ya duka la mbolea na kinyozi.

Akaacha kushona. Akasema shemeji, sikujua una moyo wa hivi. Nikasema sisi ni ndugu. Akasema na mjadala je? Nikasema kazi kwanza, redio nitawaelezea mimi. Akanisindikiza mpaka barabarani.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Fausta akauliza nimefanya nini. Nikasema mbona kila nikipiga mluzi unauliza hivyo. Akasema ndiyo maana nauliza.

Ijumaa, 14 Juni

Gelasius hakusubiri Jumamosi. Amekwenda Mwamkulu jana hiyohiyo, mchana, kwa pikipiki.

Kwaya ipo. Walikuwa wanatafuta fundi. Wamempa kazi ya majoho ya waimbaji wote na ya mwalimu wao, ambaye ni mnene.

Leo jioni amekuja na kuku. Jogoo mkubwa, zawadi yangu, kwa sababu mtu wa kumfikiria mwenzake namna hii siku hizi hayupo. Akamwambia Fausta kwamba alinidhania vibaya miaka yote. Machozi yalimlenga. Fausta alinitazama juu ya kichwa cha yule jogoo, akasema kumbe ndiyo mluzi ule.

Tumemla. Mimi nimekula shingo tu. Na paja.

Wakati wa kuaga amesema tuonane kesho redioni.

Jumamosi, 15 Juni

Mjadala umefanyika. Ulikuwa wa hali ya juu. Kulikuwa na hitilafu ndogo ya mitambo upande wa redio. Kanda ya tatu imeokolewa, kama nilivyopanga. Nimechoka, naenda kulala.

Jumapili, 16 Juni

Fausta amesoma ya jana. Ameniuliza hili daftari ni la nani. Nikasema langu. Akasema basi unamdanganya nani.

Haya, ukweli.

Nilianza mimi. Nilizungumza vizuri, hilo hata adui atasema. Niliwaambia wasikilizaji wa mkoa mzima kwamba watasikia sasa sauti ya mtu aliyebeba msiba, wasikilize pumzi, wasikilize mwendo ule wa mzee anayekwenda mazikoni. Nikawashauri walio barabarani wasimame pembeni. Kisha nikampa fundi wa Tabora ishara kwa kidole.

Kanda ikaanza. Ilikuwa ni kijana anakimbiza mbuzi. Sauti juu, nyembamba, inacheka katikati ya maneno. Gitaa linarukaruka kama karanga kwenye kikaango. Nisubiri Sitalike, naja na baiskeli, kengele ring ring. Nilikuwa sijawahi kuisikia ile kengele. Ilikuwa kengele ya kweli, kaiweka mle ndani, na anaipiga kila baada ya mstari.

Nikamwambia fundi mashine yake inakwenda mbio. Akasema inakwenda sawa. Nikamwambia aikague. Akaikagua, hewani, wakati kengele inaendelea. Happiness alikuwa ameingiza uso kwenye karatasi zake na mabega yanamtikisika.

Nikamgeukia Gelasius nijione ninavyochekwa. Hakuwa anacheka. Miguu yake ilikuwa inagonga sakafu. Wimbo ulipokwisha akasema mbele ya Katavi yote kwamba anatubu. Kwamba kwa miaka yote ameusema vibaya wimbo huu, kumbe hakuwahi kuusikia. Kwamba ni mtamu kuliko kanda ya kwanza na ya pili zikichanganywa. Kwamba anaomba uokolewe huo.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema nami nakubali, twende tukanywe chai.

Mimi nikasema ni takataka. Sijui ilitoka wapi. Shemeji yako akichukua upande wako unabakiwa na upande gani? Nikasema ni wimbo wa kitoto, hauna uzito, haufai kuhifadhiwa, afadhali hata josho. Nimelipigia kura josho. Hewani. Nilikuwa nimeshika kasha la kanda yangu mwenyewe ya ujana wangu mwenyewe na ninaomba itupwe.

Simu ikapigwa. Mzee Manyanda kutoka Sibwesa. Akamshukuru Gelasius. Akasema ana masikio. Kisha akasema yule bwana mwingine alifika kwake Jumatano, alimfundisha wimbo wake kwa muda mrefu, ni mtu mpole, wasimseme vibaya, huenda ana msiba.

Kanda ya tatu imeokolewa kwa kura zote isipokuwa yangu. Gelasius amepewa kiti cha uchambuzi kila Jumamosi.

Leo baada ya misa nimemweleza Fausta kwamba ile mashine ya Tabora ni mbovu, nitawaandikia. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

Akasema, "Baba Glory, mashine haina shida."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema kwa sababu siku ya kwanza kule Sitalike aliusikia vilevile, mbio, na kengele. Mimi nilijaribu kuucheza hivyo. Nikamkanyaga mguu wa kulia, nikamkanyaga wa kushoto, nikamkanyaga na mama yake aliyekuwa amekaa. Mimi siikumbuki siku hiyo hata kidogo. Basi tangu hapo, akisikia kengele ya baiskeli yangu, alikuwa anakimbilia ndani, anatoa betri nzima kwenye redio ya kaka yake, anazificha kwenye chungu cha unga, anaweka zile zilizokufa, za juu ya bati. Kanda ikawa inajikokota. Ndipo na mimi nikaweza kucheza. Hata tulipooana, kwenye redio yetu alifanya vilevile.

Kaka yake hakujua. Alidhani ndivyo Manyanda anavyoimba.

Nikauliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema nilikuwa nimeshakuwa na nadharia, na nilikuwa nafurahi nayo.

Nilimsaidia kuchambua mchele. Niliacha mawe mengi, akarudia.

Alasiri amekuja Gelasius na redio kaseti. Ile ile ya Sitalike, mkono wa kuibebea umefungwa waya. Yeye huisikilizia habari. Ameileta kama pole, na ameweka betri mpya, maskini. Nikamshukuru. Alipoondoka Fausta na mimi tukatazamana. Kwa betri mpya wimbo wetu haupo humo.

Ikabidi betri zichoshwe. Kinachozila ni kuzungusha kanda, si kusikiliza habari. Nikaweka kanda ya tano, ya kinanda, ndiyo isiyoniuma hata ikikwaruzwa. Imecheza tangu alasiri, upande huu, upande ule, tena huu. Majirani wameanza kufunga madirisha.

Ni jioni sasa na betri zimeanza kulegea. Kinanda kinashuka. Zile ngoma za ndani zinafika moja moja, kama watu wanaotoka shamba. Sauti ya mzee imekwenda chini ya mbavu. Fausta amevua kandambili, amesimama mlangoni, anasubiri nibadilishe kanda tucheze ya kwetu.

Nimemwambia asubiri kidogo. Hii ya tano tuliidharau bure. Sikiliza pumzi ile. Mtu huyu alikuwa na msiba mzito, na aliuficha kwenye kinanda, ndiyo maana bado anakifunika na kitenge. Nimeshaandika hoja tatu. Happiness lazima azisikie kabla ya Jumamosi.