Kichwa cha Aline

Jumatatu, tarehe 5 Juni
Solange ameniibia tena! Msuko niliobuni Ijumaa leo uko vichwani mwa wateja wake, ng'ambo ya barabara. Nimefunga saloni saa nane kwa hasira. Hakuna mteja aliyegundua.

Nimesoma gazeti la mitindo ambalo rafiki yangu Raphaël aliniletea kutoka Uvira. Kumbe mafundi wa Paris hawabuni kitu! Wanafukua. Kola za wafalme wao wa kale, poda nyeupe usoni, nywele fupi za wanawake wa miaka mia iliyopita. Wanachimba kama wachimba dhahabu wa Misisi. Basi na mimi nitachimba. Jumamosi kuna defile, mashindano ya mitindo ya nywele, kwenye ukumbi wa parokia. Mzee Alphonse, baba yake Aline, msichana ninayetaka kumwoa, atakuja. Amesema hapokei mahari ya mwanaume anayechezea nywele. Ataona!

Jumanne, tarehe 6
Boti hadi Ubwari, kwa koko Dorothée, mama aliyemzaa mama yangu. Nimetapika mara mbili. Ndani ya sanduku lake, dhahabu: picha ya zamani ya wasichana wanne. Vichwa vimenyolewa vikang'aa, kamba ya mgomba kwenye paji la uso, majivu mashavuni. Na hawacheki! Wanamitindo wa Paris kabisa.

Koko alitaka kunieleza ilikuwa siku gani. Nikamwomba anyamaze, maana Solange ana shangazi kijijini hapo. Picha nimeificha ndani ya shati.

Alhamisi, tarehe 8
Aline alilia nilipotoa mashine ya kunyolea. Nywele zake mwenyewe, hadi mabegani. Akaniuliza, "Wilfried, uko na hakika?" Nikasema nimesoma. Akakaa.

Kichwa kizuri, cha mviringo. Amekifunga kitambaa nyumbani wasione. Mama yake ametoka hospitali ya Nundu juzi tu, baada ya wiki tatu, na hatakiwi kushtuka.

Jumamosi, tarehe 10
Walitangulia wasichana wa Solange na mawigi yao ya manjano. Makofi. Halafu Aline, peke yake, kichwa wazi, majivu, kamba, polepole, bila kucheka.

Kimya. Nikadhani ni heshima. Kisha bamama wa nyuma wakaanza kulia, kile kilio cha matanga. Mmoja akauliza nani amekufa. Mama Aline, safu ya kwanza, blanketi mabegani, alimtazama binti yake, akamgeukia mumewe.

"Baba Aline, mi nilikufa lini?"

Mzee Alphonse alinishika kola. Alinieleza mbele ya majaji kwamba hivyo ndivyo kwao binti alivyonyolewa zamani akifiwa na mama. Picha ya koko ilikuwa ya mazishi. Eh Mungu wangu! Solange ndiye aliyempa Aline kitenge chake afunike kichwa. Hata hapo amenitangulia.

Jumatatu, tarehe 12
Mama Aline amerudi kitandani. Hali chakula. Anasema ameshaona matanga yake, hakuna cha kungoja.

Nilienda kuomba radhi. Aline alitoka na kitenge cha Solange kichwani. Akasema nisirudi tena, kwamba kila akigusa kichwa chake anaona anamzika mama yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nimelia njia nzima mpaka sokoni, watu wakiniangalia. Nampenda yule msichana, jamani.

Jumatano, tarehe 14
Boti ya Ubwari imeleta bahasha ya koko. Picha nyingine! Mama mtu mzima, amelazwa mkekani, mikono kifuani, nywele zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu, shanga shingoni, macho amefumba. Na anatabasamu! Basi hii ni arusi, au sherehe kubwa. Hakuna matanga ya kutabasamu.

Kulikuwa na barua pia, kurasa tatu, koko amemwandikisha jirani yake Henri. Nimeichoma kabla ya kuisoma, Solange asije akaipata. Picha yatosha.

Aline hana nywele tena, lakini mama yake anazo. Kesho asubuhi, mzee Alphonse akiwa shamba, nitaenda kumsuka hapo hapo alipolala, na shanga zote. Atafurahi.