Kiti cha Heshima cha Chipu

Kwa furaha kubwa nautangazia umma kwamba Kamati ya Kuketisha Vipuri, chini ya uenyekiti wangu mimi Charles Masalu, imekamilisha king'ora cha kuwaonya wachimbaji wetu wa huku Geita maji yanapoingia duarani, yaani shimoni mwa mgodi. Mvua ziko mlangoni na watu wako chini, kwa hiyo hatukufanya mchezo.

Wananchi waelewe: kwenye bodi ya saketi kila kipuri huchorewa mahali pake pa kukaa, vidoa vya shaba, kila mguu na kidoa chake. Injinia wetu, Ritha, alitaka tuchore kwa vipimo vya kipuri. Sisi tukafuata itifaki: nafasi kwa cheo.

Kapasita ilipita kwa kauli moja kwa sababu ina kitambi. Chipu ilitufadhaisha. Eti ndiyo ubongo wa king'ora, na bado ni ndogo kama papasi! Lakini mgeni rasmi ni mgeni rasmi. Nikaagiza ichorewe nafasi pana kama sinia ya pilau, mbele katikati.

"Mwenyekiti, miguu yake haitafika kwenye shaba," Ritha akasema.

"Itajinyoosha. Mimi nilipoteuliwa, nani alinipima?"

"Hilo linaonekana."

Nikamshukuru. Chipu ikabandikwa kwa gundi katikati ya uwanja wake, haigusi kitu.

Siku ya uzinduzi, mchimbaji Masele akanifuata. "Shikamoo mzee. Kitalia kweli? Mdogo wangu anashinda humo chini."

"Marahaba. Kitalia mpaka Tinde wasikie!"

Ili kumtoa wasiwasi nikashuka duarani mwenyewe, na suti yangu. Wakamimina pipa la maji ya majaribio. King'ora kikanyamaza kwa nidhamu. Wakamimina la pili. Maji yaliponifika kiunoni nikasahau itifaki.

"Mayo wee! Nakufaaa!"

Maduara yote ya jirani yakamwaga watu mbio, salama salimini. Masele akaninyanyua kwa kamba huku anacheka.

"Kumbe king'ora tunacho!"

Kamati ikaketi papo hapo, mimi nikiwa bado nakamua tai, ikanichagua kwa kauli moja. Ritha akaja na futi, akanipima mabega na makalio, akachora nafasi yangu mdomoni mwa duara. Kwa kweli imenikaa vizuri.

Nimeuliza nitarudi lini ofisini. Wanasema mvua zikiisha, au sauti.