Siku Saba Ndani ya Sweta Moja

Jumatatu, 6 Julai 1987. Rwekubo.
Nimetajirika! Yaani, karibu. Robota la mitumba nililonunua Mbarara lina sweta kumi na mbili za sufu ya merino. Kondoo wa kizungu, si hawa wetu wa Masha. Mzungu wa mradi wa mifugo alinieleza faida: asubuhi hupasha joto, mchana hupoza, na ukivaa wiki nzima bila kufua hainuki. Nimevaa moja papo hapo. Mke wangu Jalia akasema hata mimi nilisifiwa hivyo wakati wa posa. Amekunja mkeka wake, akauegemeza mlangoni: biashara hii ikifa, anarudi kwao. Nampenda sana Jalia. Simwambii, atanipanda kichwani.

Jumanne, 7 Julai. Nakivale.
Nimehubiri merino saa saba mchana, juani. Sikuuza hata moja. Mama mmoja Mkongo akanionea huruma: "Papa, uko mugonjwa? Kuya huku, fasi iko na kivuli." Nikamweleza kwamba sweta inanipoza. Akaniletea maji, akanishika paji la uso. Wajinga!

Jumatano, 8 Julai. Mbarara.
Mungu mkubwa! Topista, mke wa sajini, anatafutia kina mama wa kambi ya jeshi sweta za waume zao wanaotetemeka lindoni. Anazitaka zote. Lakini Edirisa, muuza sweta za nailoni, akadakia kwamba sufu hunuka beberu. Topista akakata shauri: "Wewe vaa hiyo mpaka Jumapili, hapana fua. Mimi nanusa." Edirisa alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Ijumaa, 10 Julai.
Siku ya tano. Msikitini nilibanwa safuni, bega kwa bega. Hakuna aliyesogea. Siraje, fundi cherehani, hata aliniegemea. Masikini, wote wana mafua. Nimejinusa mwenyewe: sisikii kitu. Mafua yamenipata na mimi! Naogopa kweli.

Jumamosi, 11 Julai.
Nimepata akili. Nafua kwa siri! Jalia akauliza, kama hainuki, nafua nini? Hajui biashara. Nimeichemsha kama shuka za mgonjwa, nikaianika, kisha nikaipiga pasi ya makaa pande zote, hasa mishono. Huku nani asiyejua? Nzi hutaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa, kesho una funza mgongoni. Jioni nimejaribu kuivaa. Mikono inaishia viwikoni.

Jumapili, 12 Julai.
Nimekwenda hivyo hivyo, kitovu nje. Topista akanusa makwapa yote mawili. Safi! Kisha akauliza nimemvua mtoto wa nani. Kambi nzima ikaangua kicheko. Ningesema nimeichemsha, ningejichongea mwenyewe, basi nikavuta sweta chini ifunike kitovu. Lakini mama yule ana utu: nipeleke zile kumi na moja kesho jioni, "kama iko ya watu wakubwa." Edirisa hakucheka tena. Nimemwambia Jalia. Kwa mara ya kwanza wiki hii, ametabasamu.

Jumatatu, 13 Julai.
Nimeamka mapema. Zile kumi na moja zinanuka robota, siwezi kumpelekea mke wa sajini vitu vya namna hiyo. Usiku nimewaza sana, nimelijua kosa langu. Sufuria! Ilikuwa ndogo, sweta ikabanwa, ikashika ukubwa wa sufuria. Leo nimeazima ile kubwa ya harusi. Zote zinaogelea kwa raha, maji yanatokota, pasi imeshakolea makaa. Jalia amechungulia ndani ya sufuria, akaenda kuchukua mkeka wake mlangoni. Mke mwema. Bila shaka anataka kuzianikia juu yake.