Kuhusu Sajini Kuandikwa Mbwa wa Kijerumani

Pajulu, Arua
Jumanne, 10 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Alionzi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mbwa Hatari

Mheshimiwa Mzee,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na vidole vyako vyote kumi, maana nasikia kazi uliyopewa ni ya hatari.

Mimi ni Lokule, wa nyumba ya nne kutoka kisimani. Nimepokea karatasi yenu inayosema kwamba mbwa wetu, Sajini, ni wa aina ya Kijerumani iliyokatazwa, na kwamba Ijumaa hii saa tatu asubuhi atachomwa sindano ya kufa. Nimeisoma mara tatu, nikaenda kumtazama Sajini, nikarudi kuisoma tena. Nina malalamiko yafuatayo, ambayo nimeyapanga kwa namba ili kamati isichoke.

1. Ujerumani. Sajini alizaliwa Ludara, wilaya ya Koboko, nyuma ya ghala la mtama la baba yangu mdogo Lako. Mama yake alizaliwa hapohapo. Baba yake hakujulikana, lakini sidhani kama alikuja kwa ndege.

2. Namna mlivyomchunguza. Shajara yangu ya Jumatano, tarehe 4 Juni, inaonyesha kwamba mlifika watu watatu mkiwa na karatasi ya picha za mbwa kumi na wawili. Mliniuliza aina yake, nikasema ni mbwa wa nyumbani. Jirani yangu Onzima, ambaye hakuulizwa, aliegemea ua akasema, "Hiyo iko mbwa ya jeshi. Mzee yake ilikuwa jeshi, na yeye iko jeshi." Mzee aliyemtaja ni baba mdogo Lako, aliyestaafu jeshini na kutuachia mbwa huyu. Katibu wako Daniella akaandika: Aina, Jeshi. Alipoona Jeshi haimo katika picha, alikuuliza afanye nini, nawe ukamjibu, "Andika ile iko na masikio kama yake." Hivyo ndivyo Sajini alivyopata uraia wa Ujerumani. Kuna watu Arua hii wanaohangaikia viza kwa miaka.

3. Ushahidi wenu. Ulimwamuru Sajini, "Kaa chini," naye akakaa. Uliwaambia wenzako kwamba huo ndio uthibitisho, kwa kuwa mbwa wa kawaida hasikii amri. Mheshimiwa, baba mdogo aliamrisha kila kitu nyumbani kwake kwa Kiswahili cha kambini, kuku wakiwemo. Kama kutii ni dalili ya hatari, basi mbwa salama kuliko wote wilayani ni yule aliyekataa kukuachia suruali yako siku hiyohiyo.

4. Hapo nafika kwa Bosi, mbwa wa Onzima. Hayumo kwenye orodha, kwa sababu mmemwandika mbwa wa kienyeji. Shajara yangu inasema hivi: tarehe 3 Februari alimng'ata Estelle, muuza samaki, shavu la mguu. Tarehe 21 Februari, mwendesha bodaboda, pajani. Jumapili tarehe 16 Machi, katekista, akiwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. Tarehe 4 Juni alirarua karatasi yenu ya picha na nusu ya suruali yako, nawe ukacheka ukasema, "Hii iko yetu tu, iko nacheza." Katika miezi hiyohiyo Sajini alibweka mara mbili, na mara moja ilikuwa radi.

5. Mama yangu haoni kwa jicho la kulia. Anapokwenda shambani Sajini hutembea upande huo wa kulia, akimsukuma pole kwa ubavu bodaboda zikija. Hakuna aliyemfundisha. Hili silifanyii mzaha. Mkimuua, kamati ichague mjumbe mmoja wa kutembea upande ule kila asubuhi, na asiwe mwenye suruali iliyoraruka.

6. Ikiwa kazi ya mzee humfanya mbwa kuwa hatari, sheria yenu imewasahau watu. Lako alikuwa askari miaka ishirini na miwili, nami ni damu yake zaidi ya Sajini. Naomba niandikishwe. Naomba pia kamba ya kunifungia iwe ndefu kiasi cha kufika chooni. Kisha nendeni Koboko, ambako nyumba chache sana hazijatoa askari. Watu wapangwe foleni tangu barabara kuu mpaka mpakani, na mwongeze sindano, maana nilizoziona kwenye kisanduku chenu hazitoshi hata ukoo mmoja.

7. Na mkimaliza Koboko, jichunguzeni. Nimeambiwa babu yako aliwahi kumng'oa mtu meno mawili sokoni kwa sababu ya kibuyu cha pombe. Lakini mimi nimekufahamu miaka kumi na moja, Mzee, na hujamgusa mtu. Ndivyo ninavyotaka Sajini apimwe: kwa alichofanya yeye, si kwa waliomtangulia. Mtu mwenye akili hahukumu kiumbe kwa ukoo wake. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analielewa, na naamini mkilisoma polepole kamati nayo italielewa.

Msalimie Daniella, na yule bwana wa sindano ambaye hakutaja jina. Wasalimie wa nyumbani kwako wote, na fundi anayeishona suruali.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako kabla ya Ijumaa saa tatu,

Lokule

Nyongeza: Nilikwisha kufunga bahasha, imebidi niifungue. Leo saa kumi jioni alikuja Moris, mtoto wa kwanza wa Onzima, mwalimu wa shule ya msingi huko Koboko. Alisema Alhamisi atamchukua Sajini kwa pikipiki ampeleke Ludara kwa wajomba zake yeye Moris, ambako orodha yenu haifiki, hadi mambo yatulie. Akaomba pia ruhusa ya kuja na wazee wake kumposa dada yangu Concy. Concy anataka. Mama aliyakubali yote mawili kabla chai haijapoa. Nimepekua shajara: Moris ametajwa mara tisa, na hakuna baya hata moja. Hanywi, hagombani, na mwezi wa tatu ndiye aliyembeba mama hadi kituo cha afya. Lakini tangu baba afariki mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, na nimemfukuza yeye na pikipiki yake. Yule ni damu ya Onzima, na damu ile haihitaji kuchunguzwa. Kwa hiyo Ijumaa mtamkuta Sajini hapahapa. Ukija, zungumza na mama wewe mwenyewe, mimi hanijibu.