Kahawa Niliyoilisha Hadi Ikaugua

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya balozi, mbele ya mgambo na mbele ya nusu ya kijiji, na nawaandikia ninyi wenzangu tuliosoma darasa moja kabla hamjayasikia huko Lusahunga kwa watu wa malori. Bora myapate kwangu.

Mnajua kwamba mimi ndiye msimamizi wa kitalu cha kahawa cha kijiji. (Nilisoma kozi ya siku nne. Hakuna mtu hapa Nyakisasa ambaye sijamwambia.) Tangu vita vianze, kijiji kiliamua miche thelathini ya kwanza iende kwa kaya ambazo vijana wao wako mstari wa mbele. Bwana shamba angekuja kesho kuigawa. Wa kwanza kwenye orodha ni Mama Sabina, jirani yangu. Mwanawe Elia alipanda gari la jeshi akiwa anapunga mkono, na mpaka leo hajaleta barua.

Bwana shamba aliniachia mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, akaniambia niweke kizibo kimoja cha soda kwenye debe zima la maji. Kizibo! Jamani, sisi ni watu wa ng'ombe. Huku mgomba unamwagiwa kikapu kizima cha samadi, na anayeupimia mgomba wake anaonekana mchoyo. Nikajisemea, huyu anaibania mali ya serikali. Nikaweka kopo. (Kopo la uji, lile kubwa.) Siku ya tatu nikarudia, ili miche ipendeze mbele ya wageni.

Juzi majani yakaanza kuungua kingo. Jana ncha zikajikunja. Ndipo nikakumbuka somo moja la kozi nililolisinzia: miche ikizidishiwa mbolea, iondoe juani, kata palipoungua, kisha pitisha maji mengi kwenye viriba, ile mifuko ya miche, mpaka chumvi yote itoke kwa chini. Leo alfajiri nikaihamishia chumbani kwangu kwa toroli, nimeifunika majani ya migomba. Miche thelathini, kitanda kimoja na mimi.

Tangu hapo sikukaa chini. Natoka, naingia. Nafunga dirisha jua lisiingie, nafungua kidogo nione, nafunga tena. Kisimani nimekwenda mara nane, debe kichwani, wanawake wakinitazama. (Kapera mmoja, madebe manane. Anaoga nani?) Namwagia, nasubiri, nagusa udongo, naonja maji yanayotoka chini ya kiriba. Ndiyo, nimeyaonja. Yalikuwa bado makali ya chumvi, nikarudi kisimani. Katikati ya safari hizo nikashika wembe, nikakata kingo zilizoungua jani kwa jani, nikifuata palipobaki kijani. Majani yakabaki membamba, yenye menomeno. Wakati ule sikuona ubaya wake.

Kila nikisikia hatua nje, nilidhani ni Bwana shamba kawahi siku moja.

Saa sita mchana, hodi. Ni balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gwasa, pamoja na mgambo mwenye rungu, na Mama Sabina nyuma yao. Siku hizi tumeambiwa kila mmoja amwangalie jirani yake, na Mama Sabina alikuwa ameangalia. Aliona maji yanaingia, hayatoki, na dirisha limefungwa. Akaenda kusema kwamba kwangu kuna mtu amefichwa, labda askari wa adui.

Sikufungua. Nilimpa mzee shikamoo yake kupitia mlangoni.

"Marahaba. Uko na nani humo?"

"Peke yangu, mzee. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Lilikuwa swali jepesi. Ningeweza kusema kichwa. Ningeweza kusema malaria, na kila mtu angenielewa. Lakini nilikuwa nawaza yale madebe manane, ni ugonjwa gani unataka maji mengi kiasi hicho, na ulimi ukaniwahi.

"Naharisha."

Nikamsikia Mama Sabina akinipa pole, na mzee akirudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeokoka. Ila debe la nane nilikuwa nimelimwaga muda huohuo, na sakafu yangu ya udongo inateremkia mlangoni. Maji ya kahawia yakaanza kutambaa, taratibu, yakapita chini ya mlango. Niliyatazama yakienda, sina la kufanya. Yakamfikia Mzee Gwasa kwenye makatambuga yake.

Nje watu walikuwa wameshajaa, nilijua kwa jinsi yowe lilivyopigwa. Mzee yeye hakupiga yowe. Alisema tu, polepole:

"Kijana huyu anakufa. Vunjeni mlango."

Mgambo akauvunja kwa bega moja. (Ni mlango wa matete, asijisifu.) Wakanikuta nimesimama, mzima wa afya, wembe mkononi, katikati ya viriba thelathini. Mgambo akainama, akayatazama yale majani membamba yenye menomeno.

"Mzee," akasema, "huyu si mgonjwa. Huyu analima bangi chumbani."

Nikabaki na njia mbili. Nikinyamaza, napelekwa Ngara mjini kwa kosa la bangi. Nikisema kweli, kijiji kizima kinajua kwamba mtaalamu wa siku nne ameunguza kahawa ya familia za walioko vitani. Naona aibu kuwaambia kwamba nilifikiria kwa muda.

"Ni kahawa," nikasema. "Ni kahawa yenu. Nimeizidishia mbolea."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipotamani wacheke. Mama Sabina akaingia, akakanyaga tope, akauliza mche wake ni upi. Nikamwonyesha. Ulikuwa umebakiwa na majani matatu.

"Elia akirudi ataukuta?"

"Ataukuta, mama," nikasema, ingawa sikuwa na hakika na mche wala na Elia.

Akachukua debe langu tupu akatoka. Nilidhani amekwenda zake kwa hasira. Akarudi nalo limejaa, na nyuma yake wanawake wanne na madebe yao. Tukaitoa miche nje, kivulini mwa migomba, tukamwagia mpaka maji yaliyotoka chini yakawa meupe. Nikayaonja kuhakikisha, safari hii mbele ya watu wote. Hapo sasa ndipo walipocheka, na mpaka jioni hii bado nawasikia.

Kabla ya kwenda kunawa miguu, Mzee Gwasa alitoa uamuzi. Bwana shamba ataambiwa ukweli, ugawaji utasubiri. Mimi nabaki msimamizi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesoma kozi. Lakini mfuko wa mbolea umewekwa chini ya ulinzi. Ninavyoandika hapa, mgambo ameukalia, rungu magotini. Wenzake wako mpakani wanalinda nchi dhidi ya adui, yeye kapangiwa kulinda mbolea dhidi yangu.

Tafadhali msicheke. Nimeinuka mara tatu kwenda kutazama tu kama kuna jani jipya, na mara tatu zote ameinua rungu.